Cheti, Gari au Dereva: Njia za Kumchunguza Mwenye Malori Uganda, Zikilinganishwa

Gari lililokuja kupakia ufuta wangu asubuhi ile halikuwa lile nililooneshwa. Nilikuwa nimekubaliana na kampuni moja ya Kampala. Cheti chake cha usajili nilikiona kwa macho yangu, na TIN yake, yaani namba ya mlipa kodi, niliihakiki kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ikatoa jina lilelile. Nikaridhika. Lakini gari lilipofika ghalani kwangu Arua, kichwa kilikuwa na namba nyingine, tela lilikuwa na turubai lililopasuka kona ya nyuma, na dereva alimtaja bosi ambaye sijawahi kumsikia. Nikapiga simu. Kijana wa kampuni akaniambia, "Hajati, usihofu, ni gari letu tu, lile jingine liko gereji." Nikapakia magunia 280.

Mvua iliwakuta kabla ya Karuma. Baadaye breki zikaharibika, gari likalala siku nne kando ya barabara, na magunia ya nyuma yakaanza kuchipua. Nilipodai fidia, kampuni ilisema gari si lao. Mwenye gari alisema hana mkataba na mimi. Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo nilipoelewa kosa langu: niliichunguza kampuni vizuri sana, lakini sikuchunguza kamba inayoifunga kampuni na gari.

Tangu siku hiyo kila msafirishaji mpya namchunguza kwa njia zaidi ya moja, na wafanyabiashara wenzangu wa Nebbi na Koboko huniuliza ipi kati ya njia hizo inatosha. Hakuna inayotosha peke yake, lakini pia hazilingani uzito. Nyingine ni za dakika kumi na hazigharimu kitu, nyingine zinakula siku nzima. Nitaziweka kandokando hapa ili kila mtu achague kulingana na mzigo wake.

Kwanza niseme kwa nini kazi hii ni ngumu kwetu. Marekani kila kampuni ya malori inayovuka mpaka wa jimbo hupewa namba moja, USDOT. Shirika la serikali linalosimamia usalama wa malori, FMCSA, huweka rekodi za namba hiyo wazi kwenye intaneti bila malipo. Unasoma kampuni ina malori mangapi na madereva wangapi, ajali zake za miezi 24 iliyopita, imekaguliwa barabarani mara ngapi, na ni asilimia ngapi ya magari yaliyokaguliwa yalizuiwa palepale yasiendelee na safari. Kampuni iliyopitiwa kikamilifu hupewa daraja: inaridhisha, inaridhisha kwa masharti, au hairidhishi. Mwenye mzigo anaweka namba, anasoma, anaamua akiwa amekaa.

Kwetu habari hizo zipo, ila zimetawanyika. Jina la kampuni liko URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, kodi ziko URA, gari liko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, makosa ya barabarani yako polisi, uzito uko mizani, na tabia ya dereva iko vinywani mwa madereva wenzake. Polisi walihesabu watu 5,144 waliokufa kwenye barabara za Uganda mwaka 2024. Hesabu hiyo inatisha na inapaswa kumtisha kila anayekodi gari zito, lakini haikuambii kampuni ipi ya malori ilihusika mara ngapi. Hiyo unaitafuta mwenyewe.

URSB na URA

Watu wengi huanzia URSB, na si vibaya. Jina unalitafuta kwenye mfumo wao wa intaneti bila kusafiri, na kwa ada unapata taarifa rasmi kutoka faili la kampuni: wakurugenzi, wenye hisa, anwani. Sisi wa West Nile tuna ofisi yao hapahapa Arua mjini.

Kitu cha kwanza kutazama ni kama ulichooneshwa ni cheti cha kampuni au cha jina la biashara tu. Karatasi zinafanana kwa mtu asiyezoea, lakini tofauti yake ni kubwa. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Ukishtaki, unamshtaki mwenyewe aliyelisajili, na mali yake binafsi iko hesabuni. Kampuni ya limited ni mtu kamili. Ukishtaki unaishtaki yenyewe, na kama haina mali kwa jina lake, unashinda kesi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ya Makampuni ya 2012 inaruhusu hata mtu mmoja kuwa na kampuni peke yake, kwa hiyo neno "Limited" lililoandikwa ubavuni mwa gari lisikupe usingizi. Kuna wakati mzee mwenye Fuso mbili na jina la biashara tu ni salama kumdai kuliko kampuni yenye ofisi ya vioo.

Kisha tazama tarehe ya usajili na ulize kama ritani za kila mwaka zimewasilishwa. Kampuni inayojisifu kwa uzoefu wa miaka 15 huku cheti ni cha mwaka jana, iulize ilikuwa inaitwaje zamani. Huenda walibadili jina kwa sababu njema. Huenda jina la zamani limebeba madeni. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliongeza wajibu wa kampuni kutaja wamiliki wake halisi, kwa hiyo anayekwepa swali la "kampuni hii ni ya nani" anakwepa jambo ambalo sheria tayari inamtaka aliseme.

URA ni ya haraka zaidi na haina gharama. Unaingiza TIN, jina linatoka. Unaweza pia kuhakiki cheti chao cha kutodaiwa kodi. Ninachokipenda zaidi upande huu ni EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki ulioanza kutumika 2021. Mwambie msafirishaji akupe ankara ya EFRIS ya safari yoyote aliyofanya karibuni, hata akifunika bei na jina la mteja wake. Ina namba na msimbo wa QR unaohakikiwa kwa simu, na jina la aliyeitoa limo. Cheti cha usajili kinasema kampuni ilizaliwa. Ankara ya mwezi huu inasema bado inapumua na inafanya kazi hii hii ya kubeba mizigo.

Nikilazimishwa kuchagua moja, URA nairudia kila msimu ili kujua kama kampuni iko hai, na URSB naifanya mara moja mwanzoni ili kujua nitamdai nani. Lakini zote mbili kwa pamoja ndizo nilizokuwa nazo siku ya ufuta, na hazikunisaidia kitu.

Karatasi za gari lenyewe

Hapa ndipo ningemshauri mtu mwenye saa moja tu aitumie yote. Omba logibuku, yaani kitabu cha umiliki wa gari. Usajili wa magari ulihamishwa kutoka URA kwenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na huko ndiko unakoweza kuomba kuthibitishiwa kwamba namba, chasisi na jina la mmiliki vinakubaliana. Kisha weka logibuku kando ya cheti cha URSB. Majina yakifanana, umepata ile kamba. Yakitofautiana, si lazima iwe uongo, kwa sababu malori mengi Uganda yanafanya kazi chini ya kampuni ambazo si wenye magari. Ila taka mkataba wa kukodisha kati ya mwenye gari na kampuni, wenye namba za gari na tarehe zinazofunika safari yako. Asiyeweza kuuonesha mkataba huo leo hataupata siku mzigo ukiharibika.

Usisahau tela. Lori la kichwa na tela ni magari mawili machoni pa sheria, kila moja na namba yake na logibuku yake. Watu huandika kwenye hati ya mzigo namba ya kichwa peke yake, halafu katikati ya njia kichwa kinakatwa, kingine kinashika tela, na ushahidi wako unabaki kuhusu gari lililorudi Kampala tupu. Andika namba zote mbili kila mara.

Gari la Kenya ni rahisi kidogo kulithibitisha. Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali yao, unaweza kulipia taarifa ya gari kutoka NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, na kumjua mmiliki, na magari ya biashara kule yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo kuomba cheti cha ukaguzi chenye tarehe ni haki yako. Tela za Kenya utazijua kwa namba inayoanza na Z. La Tanzania, ulizia leseni ya LATRA, mamlaka yao ya usafiri wa ardhini. Kwa upande huu naona aibu kidogo kwa niaba ya nchi yangu. Wakati mwingine ni rahisi kwangu, nikiwa Arua, kulijua lori la Mombasa kuliko la Namanve, karibu na Kampala.

Kuna uchunguzi mmoja ambao sijakutana na mfanyabiashara mwenzangu aliyeufanya, nao ungewaokoa wengi. Sheria ya 2019 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika iliunda daftari linaloitwa SIMPO, liko chini ya URSB na linapekuliwa kwenye intaneti. Humo ndimo wakopeshaji huandikisha magari, mashine na mali nyingine walizozichukua kuwa dhamana. Lori linalodaiwa linaweza kukamatwa na madalali wa mkopeshaji popote lilipo, na mzigo wako utakuwa juu yake. Mkopo si dhambi, malori mengi mapya yamenunuliwa kwa mkopo. Lakini kama gari lina mkopo na mwenyewe anakuomba malipo yote kabla ya safari kwa sauti ya haraka, nakushauri utafute lingine.

Bima na bondi

Ukimwuliza msafirishaji kama ana bima, atakuonesha stika kwenye kioo. Stika hiyo ni ya bima ya mtu wa tatu, ile ya lazima kwa sheria ya 1989. Ni kwa ajili ya mtu atakayeumizwa au kuuawa na gari hilo, na ni jambo la maana kwa huyo mtu na familia yake. Kwa magunia yako haina senti moja.

Ukimwambia unapeleka nje, atakuonesha Kadi ya Njano ya COMESA. Nayo ni nzuri, inamwezesha kuvuka mpaka bila kununua bima mpya kila nchi, lakini bado ni dhima kwa watu wengine barabarani. Mzigo haumo.

Ukizidi kuuliza, atasema, "Tuna bondi." Hili ndilo neno linalowapoteza wengi, maana linasikika zito. Bondi ya forodha inailinda serikali. Mzigo wa kupita nchini ukipotea au ukimwagwa sokoni bila kodi, bondi ndiyo inayolipa ushuru huo. Mwenye mzigo harudishiwi kitu. Nimekaa na mtu aliyepoteza kontena la vitenge akiwa ameshika nakala ya bondi kifuani kama hirizi, akiamini kwamba ni yake.

Unachokitafuta kinaitwa bima ya mzigo safarini. Usikubali neno tupu, omba hati. Halafu isome sehemu ambazo watu huziruka: kikomo cha fidia kwa gari moja, orodha ya magari yanayohusika, na yale yasiyolipwa. Nimeona hati ambayo haikulipa maji ya mvua, na nyingine iliyofunika magari ya kampuni yenyewe tu, si yale iliyokodi kwa wengine. Hata kama kampuni yangu ya ufuta ingekuwa na hati kama hiyo ya pili, isingenisaidia, kwa sababu gari halikuwa lao. Piga simu kwa kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi uliyopewa, na hakikisha iko kwenye orodha ya walioidhinishwa na mamlaka ya bima ya Uganda. Simu hiyo haizidi dakika tano.

Mzigo ukiwa wa thamani kubwa, ninanunua bima yangu mwenyewe na kuacha kubishana kuhusu yao. Inaongeza gharama, ndiyo. Lakini sitegemei tena hati ya mtu mwingine kwa mali ambayo ni mtaji wa watoto wangu.

Rekodi za usalama: polisi, mizani na forodha

Ukija kwenye usalama hasa, hakuna dirisha moja, kuna vipande.

Kipande cha polisi ni faini za papo hapo, zile tunazoziita EPS. Zinafuata namba ya gari. Mwenye gari anaweza kutoa taarifa ya faini zake, na namna anavyolipokea ombi hilo inakueleza jambo hata kabla hujaisoma. Faini moja ya kuegesha vibaya Kampala si kitu. Faini za mwendo kasi zinazorudiarudia kwenye gari lilelile, hilo ni swali la kumuuliza mwajiri, si dereva.

Kipande cha mizani kinadharauliwa, nami nakipa uzito kuliko cha polisi. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na kila ekseli ina kikomo chake pia. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wote na bado likakosea kwa sababu mzigo umepangwa nyuma zaidi. Mizani zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara kuu, hadi Bunge lilipoifuta mamlaka hiyo mwaka 2024 na kazi zake kurudi wizarani. Sisi wa kaskazini tunapita Luwero. Wanaotoka Malaba na Busia wanakutana na Busitema na Magamaga, na wa magharibi wanazijua Lukaya na Mbarara. Kila gari likipimwa hutolewa tiketi. Omba tiketi za safari tatu zilizopita. Kampuni inayozihifadhi kwenye faili, hata yenye tiketi moja mbaya, ni ya kuaminika kuliko inayosema "hatujawahi kusumbuliwa" bila karatasi yoyote. Gari lililozidishwa uzito huchelewa kusimama hata breki zikiwa nzima, na anayepita kila mizani bila tiketi anapita kwa njia ambayo mzigo wako hautaki kuhusika nayo.

Kipande cha forodha kinamhusu anayepeleka au kuleta mzigo kupitia mpaka. Gari linalobeba mzigo wa kupita lazima liwe na leseni ya forodha kwa kazi hiyo, na leseni hizo huisha 31 Desemba, kwa hiyo Januari ndiyo mwezi wa kuomba kuiona mpya. Mzigo huo huwekewa kufuli la kielektroniki na kufuatiliwa na mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda, RECTS, ulioanza 2017. Gari likitoka nje ya njia, wanaofuatilia wanajua. Juu ya hayo yote kuna wachache ambao URA imewapa hadhi ya AEO, yaani wafanyabiashara walioidhinishwa baada ya kupekuliwa rekodi zao za forodha, hali yao ya fedha na ulinzi wa mizigo yao. Wasafirishaji pia wanaweza kuipata, na URA hutangaza majina. Kwa mtazamo wangu hiki ndicho kitu cha karibu zaidi tulichonacho na lile daraja la Wamarekani, kwa sababu mtu mwingine ameshakufanyia sehemu ya uchunguzi. Kasoro yake ni kwamba ni cha kampuni kubwa. Mwenye Fuso mbili hutamkuta humo, na kutokuwemo kwake si alama mbaya.

Uwanjani, mbele ya gari

Sasa njia ambayo haina tovuti. Nenda yanapolala magari.

Mzee mmoja aliyeendesha njia ya Mombasa hadi Juba miaka mingi ndiye aliyenifundisha. Alichuchumaa kando ya tairi la tela, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akanionesha alama ya duaradufu yenye tarakimu nne: 1415. "Hajati," akasema, "soma tairi kama unavyosoma dawa. Wiki ya kumi na nne, mwaka elfu mbili kumi na tano." Tairi lilikuwa na meno mazuri, ukilitazama ungesema ni jipya. Lakini mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, zote zikizunguka ukingo. Lilikuwa limekaa stoo miaka mingi kabla ya kufungwa. Alinambia hilo ndilo linalopasuka kwenye lami ya moto kati ya Migyera na Kafu, na likipasuka kwenye kichwa, dereva hana la kufanya.

Tangu hapo nasoma yote, hata la akiba. Natazama kama turubai lina viraka au mashimo, na nalitazama nikiwa chini yake, siyo kando, kwa sababu shimo linaonekana vizuri nuru ikipita. Namwomba dereva akanyage breki na nasikiliza upepo: mlio wa kuvuja hausiti, unaendelea muda wote mguu ukiwa umekanyaga. Nauliza viko wapi vile viakisi vya pembetatu. Gari bovu lililosimama gizani bila kiakisi linaua watu wasiohusika kabisa na biashara yako. Hilo linanigusa kuliko ufuta.

Halafu zungumza na dereva, si mbele ya bosi wake. Leseni yake iruhusu gari zito na tela, hilo ni la kutazama tu. Ninachotaka kusikia ni namna anavyolipwa. Anayelipwa kwa tripu bila mshahara atakimbia usiku ili arudi mapema apate nyingine, na mimi simlaumu, ana watoto wa kulisha. Namlaumu aliyempangia malipo hayo. Nauliza pia, "Mara ya mwisho gari lilikuharibikia, nani alikuja, na baada ya muda gani?" Swali hili halina jibu la kukariri. Mmoja alinijibu kwamba fundi wa kampuni alifika siku ileile na spea mkononi. Mwingine akacheka tu, akaniambia aliuza dizeli kidogo apate nauli ya taniboi kwenda kutafuta fundi. Wote wawili walikuwa wa kampuni zenye vyeti safi.

Madereva wengine kwenye foleni ya Elegu au Malaba pia watakueleza kampuni ipi inachelewesha mishahara na ipi haifungi breki mpya. Yasikilize kwa tahadhari, kwa kuwa kuna chuki za kazi na kuna uvumi. Mimi nikisikia jambo lilelile kutoka kwa watu watatu wasiojuana, nalichukua kuwa kweli.

Kampuni, mwenye gari au dalali

Wote watatu wanafaa, ila kila mmoja anahitaji uchunguzi wake.

Kampuni yenye malori mengi ina karatasi nyingi, kwa hiyo karatasi hazikupi jipya sana. Kwake maliza haraka URSB na URA, kisha tumia nguvu yako kwenye swali moja: je, gari litakalokuja ni lenu, au mtakodi? Taka jibu liandikwe kwenye mkataba, pamoja na sentensi kwamba wakikodi gari lolote, wao ndio wanaobeba dhima kana kwamba ni lao. Wengine watakataa sentensi hiyo. Hapo umeshapata jibu lako.

Mwenye gari moja au mawili ni kinyume chake. Karatasi zake ni chache, pengine hana hata jina la biashara. Lakini logibuku ina jina lake, kitambulisho cha taifa kina jina hilohilo, na mara nyingi unajua nyumba yake na msikiti au kanisa analosali. Kwake pesa na muda wako viende kwenye tairi, breki, SIMPO na bima ya mzigo ambayo karibu hakika itabidi uinunue wewe. Kwa safari za hapa nchini, Arua hadi Kampala, wengi wa watu ninaowatumia leo ni hawa.

Dalali anapata gari upesi msimu wa mavuno, wakati kampuni zote zinasema ngoja, na hilo ni la thamani. Lakini hana gari na hana bima, ana simu. Usimlipe yeye nauli. Mlipe ujira wake wa udalali, na nauli iende kwa jina lililo kwenye logibuku. Mara nyingi hili peke yake linawaondoa wabaya, kwa sababu mwizi wa mzigo hapendi pesa ipite kwenye akaunti yenye jina la kweli.

Kiasi gani kinatosha

Kwa mzigo mdogo wa mara moja, mathalani mifuko ya simenti kutoka Tororo, mimi huishia kwenye logibuku dhidi ya kitambulisho, tairi na picha za namba mbili. Nusu saa. Kwa mzigo ambao ukipotea biashara inayumba, naongeza mkataba, simu kwa kampuni ya bima na SIMPO. Kwa anayetaka kusaini mwaka mzima na kampuni moja, afanye yote, aende uwanjani kwao bila kutoa taarifa, na arudie baada ya miezi sita, maana kampuni nzuri pia huchoka.

Lakini kuna jambo siliruki hata kwa gunia kumi: siku ya kupakia nasimama getini na karatasi yenye namba tulizokubaliana. Mwezi uliopita kichwa kilikuja sahihi, tela likawa jingine. Jua lilikuwa linazama, vibarua wameshakaa juu ya magunia wakinitazama, na dereva alinisihi kwa adabu kabisa, "Mama, tela hili ni zuri kuliko lile." Huenda lilikuwa zuri kweli. Nikawalipa vibarua nauli ya kurudi nyumbani, nikampa dereva chai na mahali pa kulala, nikampigia mwenye gari. Saa mbili asubuhi tela lenye namba tuliyoiandika likaingia, nikazunguka nyuma kulisoma tairi, kisha nikamwambia mlinzi afungue ghala.